Tuulize: Pesa za utafiti wa kijeshi na karakana ndogo za Nairobi

Barua za safari hii nyingi zimegusa jambo moja: kampuni ndogo inapataje pesa za kutafiti na kuunda kifaa kitakachotumiwa na jeshi. Tumechagua nane. Tumejibu kwa urefu pale wasomaji wengi wanapokwama, na kwa ufupi pale jibu lenyewe ni fupi.

Sisi ni mafundi wanne, tuna karakana Kariobangi Light. Tunasikia Marekani hutoa pesa kwa kampuni ndogo zinazobuni vifaa vya jeshi, na kwamba Kenya sasa ni mshirika wake mkuu. Tunaweza kuomba? — Kariobangi

Pesa hizo ni za mpango unaoitwa SBIR. Kwa hali mliyo nayo leo, hapana.

Mpango huo uliwekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1982. Kila shirika la serikali lenye bajeti ya utafiti wa nje inayozidi dola milioni 100 kwa mwaka hutakiwa kutenga asilimia 3.2 ya bajeti hiyo kwa ajili ya kampuni ndogo. Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko zote. Mwaka 1992 uliongezwa mpango dada, STTR, ambao kampuni ndogo huingia nao ikiwa imeshikana na chuo kikuu au taasisi ya utafiti.

Kazi hugawanywa hatua tatu. Hatua ya kwanza ni ya kuonyesha kwamba wazo linawezekana. Huchukua miezi sita hivi hadi mwaka, na shirika linaweza kutoa hadi dola 314,363 bila kuomba kibali maalumu. Hatua ya pili ni ya kuunda kifaa cha majaribio, kwa kawaida miaka miwili, na kikomo chake ni dola 2,095,748. Hatua ya tatu haina pesa za mpango wenyewe. Hapo anatakiwa mnunuzi, awe jeshi au soko la kiraia, anayetoa pesa zake. Wengi husimama kati ya ya pili na ya tatu, kwa sababu waliunda kifaa bila kujua ni kikosi gani kitakachokiweka kwenye bajeti.

Kinachowazuia ninyi ni masharti ya umiliki. Zaidi ya asilimia 50 ya kampuni lazima iwe mikononi mwa raia wa Marekani au wakaazi wa kudumu wa huko. Kampuni iwe ya kutafuta faida, iwe na wafanyakazi wasiozidi 500 ukijumlisha na kampuni zote inazohusiana nazo, na utafiti ufanyike ndani ya Marekani. Isitoshe, kibali cha Bunge la Marekani kwa mpango huu kilifika mwisho tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo yeyote anayeupigia hesabu aanze kwa kufungua tovuti ya Wizara na kuangalia kama kuna mada zilizo wazi.

Na ushirika mkuu? Ni kweli kwamba tarehe 24 Juni 2024 Kenya ilitajwa rasmi kuwa mshirika mkuu wa Marekani aliye nje ya NATO. Hadhi hiyo inaiwezesha serikali yetu kuingia makubaliano ya utafiti wa pamoja na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa kuchangia gharama. Pia inazipa kampuni za nchi mshirika nafasi ya kuomba kandarasi fulani za kukarabati vifaa vya jeshi la Marekani vilivyo nje ya nchi hiyo. Kwa karakana ya mafundi wanne wenye lathe na mashine ya kuchomelea, sentensi hii ya mwisho ina uzito kuliko SBIR yote. Lakini hadhi hiyo haibadilishi hata nukta moja ya masharti ya umiliki.

Msihangaike pia na DIANA, mpango wa NATO wa kukuza ubunifu wa ulinzi, wala Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya. Wa kwanza ni wa kampuni za nchi wanachama wa NATO, wa pili ni wa zile zilizosajiliwa Umoja wa Ulaya na nchi zilizoungana nao katika mfuko huo, kama Norwei.

Kaka yangu anaishi Dallas, ana kibali cha ukaaji wa kudumu, na ameajiriwa hospitalini kama mhandisi wa vifaa. Tunataka afungue kampuni huko, mimi nishike asilimia 40, na michoro yote niifanye hapa South B. Kuna tatizo? — South B

Dada, mgao wa 60 kwa 40 hauna tatizo. Matatizo ni matatu mengine, na yote yanaweza kuwagharimu.

La kwanza ni ajira ya kaka yako. Katika SBIR, mtafiti mkuu lazima awe mtu ambaye kazi yake kuu ni hiyo kampuni, yaani zaidi ya nusu ya muda wake, tangu siku ya kupewa kandarasi hadi mwisho wa mradi. Akibaki hospitalini kwa saa zote, hafai kuwa mtafiti mkuu. Ama apunguze saa, ama amwajiri mwingine, ama mwende kwa STTR, ambako mtafiti mkuu anaweza kuwa mwajiriwa wa chuo kinachoshirikiana nanyi. STTR nayo ina hesabu yake: kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, chuo angalau 30.

La pili ni mahali pa kazi. Ukichora South B, kazi inafanyika Kenya. Kibali cha kufanya sehemu ya utafiti nje ya Marekani hutolewa kwa nadra, kwa maandishi, kabla ya kazi kuanza. Juu ya hapo kuna mgawanyo wa pesa. Katika hatua ya kwanza, kampuni iliyoomba ifanye angalau theluthi mbili ya kazi. Mfano: kandarasi ya dola 150,000, wakandarasi wadogo na washauri wote kwa jumla wasizidi dola 50,000. Katika hatua ya pili angalau nusu ibaki kwa kampuni. Andiko la maombi lenye bajeti inayovuka mstari huo hutupwa kabla hata halijasomwa na mtaalamu.

La tatu ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Sheria za Marekani za kusafirisha teknolojia hazihesabu sanduku lililopakiwa kwenye ndege peke yake. Mchoro wa kifaa cha kijeshi ukitumwa kwa barua pepe kutoka Dallas hadi South B umesafirishwa. Ukifungua kwenye hifadhi ya intaneti faili aliloliweka kaka yako, limesafirishwa. Hata ukimtembelea na akakueleza mezani jinsi kifaa kinavyofanya kazi, ni usafirishaji, kwa sababu yeye kisheria anahesabiwa kama mtu wa Marekani na wewe siye. Kwa vifaa vilivyo kwenye orodha ya silaha, orodha inayosimamiwa kwa kanuni za ITAR, adhabu ya jinai inafika miaka 20 jela na faini ya dola milioni moja kwa kila kosa. Vifaa vingi vya kawaida havimo humo, na baadhi havihitaji leseni yoyote kuja Kenya. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kutumiana faili lolote, ni kampuni ya Dallas kuamua kwa maandishi kifaa kiko kwenye orodha ipi. Mkishajua hilo ndipo mgawane kazi.

Na mnapojaza fomu za uhusiano na nchi za nje, andikeni yote: asilimia 40 zako, akaunti zenu, na kampuni yoyote uliyo nayo hapa. Sheria ya mwaka 2022 iliongeza uchunguzi huo. Nchi zinazolengwa hasa ni China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini, si Kenya. Lakini uhusiano uliofichwa ukigunduliwa huua ombi ambalo uhusiano ule ule, ukitajwa, usingeliua.

Nafundisha fizikia chuoni Juja. Je, kuna pesa za utafiti za jeshi la Marekani ambazo mtafiti wa Kenya anaweza kuomba moja kwa moja? — Juja

Zipo, Mwalimu, ila ni za utafiti wa msingi, si za kuunda kifaa. Ofisi ya utafiti wa kisayansi ya Jeshi la Anga, AFOSR, ina tawi London liitwalo EOARD linaloshughulikia Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Jeshi la Majini nalo lina ONR Global. Wanachotaka ni maswali kama mwenendo wa mawimbi ya redio karibu na ikweta, nyenzo mpya, au hesabu za mifumo. Kazi ya msingi inayokusudiwa kuchapishwa kwa uwazi huepuka sehemu kubwa ya kamba za usafirishaji tulizomweleza dada wa South B.

Usianze na andiko refu. Mtafute afisa wa programu anayesimamia eneo lako, umtumie muhtasari wa kurasa mbili au tatu: swali, mbinu, nini kitajulikana mwishoni ambacho leo hakijulikani, muda, na jumla ya pesa. Akisema halimhusu, umeokoa miezi mitatu.

Wakati unasubiri, chuo kianze usajili, maana huo ndio unaochelewesha. Mpangilio wake haupindiki: kwanza namba ya NCAGE, ya kutambulisha taasisi katika mfumo wa NATO, yenye tarakimu na herufi tano, kisha SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaoomba pesa na kandarasi zake, ambako taasisi hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 12. Usajili wa SAM hufa baada ya siku 365 usipohuishwa.

Maombi ya Kenya hukwama hasa kwenye anwani. Sisi tumezoea kuandika S.L.P. Mfumo ule unataka mahali halisi: barabara, jengo, mji. Tena jina na anwani ya NCAGE vifanane na vya SAM herufi kwa herufi. Ukiandika "Ltd" huku na "Limited" kule, au "Thika Rd" mahali pamoja na "Thika Road" mahali pengine, mfumo unaona taasisi mbili na kukurudisha mwanzo. Chukua cheti cha usajili, nakili jina jinsi lilivyo, nukta kwa nukta, na uwe na hati yenye jina hilo pamoja na anwani hiyo ya mahali, kama bili ya stima au taarifa ya benki. Kampuni nyingi za hapa huchelewa kwa sababu bili ya stima bado ina jina la mwenye nyumba.

Nyumbani utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Iombe mapema.

Mtu ameniomba shilingi 30,000 anisajilie SAM na NCAGE, anadai ni ada ya serikali. — Umoja

Usajili wote wawili ni bure. Usimpe.

Tumeunda sensa inayofukiwa ardhini na kugundua gari linapopita, kwa ajili ya doria za mpakani na mbuga za wanyama. Kila andiko tunalotuma, hapa na nje, linarudi na maneno "malengo hayapimiki". Tunakosea wapi? — Ruaraka

Mmetutumia ukurasa wa malengo, na sentensi yenu ya kwanza inasema sensa "itagundua magari kwa ufanisi mkubwa". Mkaguzi hana pa kushika. Gari lipi, umbali gani, mara ngapi, kwa muda gani, kwenye udongo upi?

Jaribuni hivi: "Sensa itagundua gari la tani 1.5 linalokwenda kilomita 30 kwa saa kwenye barabara ya vumbi, kutoka mita 80, angalau mara 95 katika kila 100. Kengele za uongo zisizidi moja kwa siku. Ikae ardhini siku 60 bila kubadilishiwa betri." Sasa kila namba inaweza kushindwa, na hapo ndipo utafiti unaanza.

Kisha onyesheni mtapima vipi. Mmeandika mlipitisha gari mara 20 na sensa haikukosa hata mara moja, mkadai asilimia 100. Hapo ndipo mkaguzi anayejua takwimu anapofunga faili. Kuna kanuni rahisi: ukipima mara kadhaa bila kukosa, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio. Tatu kwa 20 ni asilimia 15, yaani majaribio yenu bado yanaruhusu sensa inayokosa mara 15 katika 100. Ili kudai ugunduzi wa asilimia 95, kwa uhakika wa asilimia 95, mnahitaji majaribio 59 bila kukosa hata moja. Mkikosa mara moja, mnahitaji 93. Mkikosa mara mbili, 124. Wekeni namba hizo kwenye bajeti kama siku za dereva na lita za mafuta. Mkaguzi akiona mafuta ya mipito 93 anajua mmefikiri.

Betri nayo. Mnasema sensa hutumia wastani wa miliampea 2. Siku 60 ni saa 1,440, mara 2 ni miliampea-saa 2,880 (mAh). Seli moja ya lithiamu iliyoandikwa 3,000 mAh inaonekana kutosha, ila haitoshi. Seli huzeeka, saketi hukata umeme kabla haijaisha kabisa, na seli nyingi za bei rahisi hazifiki kile kilichoandikwa kwenye ganda. Wekeni mbili, na mpime uwezo wa kila moja kabla ya kuifunga. Kama mna paneli ya sola juu ya sanduku, kumbukeni kwamba seli za kawaida za lithiamu huharibika zikichajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na sanduku jeusi lililofungwa likikaa kwenye jua la adhuhuri hupita hapo upesi. Pakeni rangi nyeupe, fukieni seli chini ya paneli, na mweke kikata-chaji cha joto.

Udongo ndio umekosekana kabisa kwenye andiko lenu, nasi tunaona ndio moyo wa utafiti wenyewe. Mlipima Embakasi. Udongo mweusi wa Embakasi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na sensa ya mtetemo husikia kwa kushikana na ardhi. Ukipasuka, panabaki mwanya kuizunguka, na sauti ya gari inafifia hata kama saketi ni nzima. Pimeni udongo wa aina mbili, kila mmoja mkavu na mlowevu, na mtoe jedwali la vyanzo vya kengele za uongo: mvua juu ya mabati, ng'ombe, bodaboda, jenereta. Jedwali hilo peke yake linatosha kuwa zao la hatua ya kwanza.

Jambo la mwisho kwenu: moduli zenu za redio ni za megahezi 915. Hizo ni za soko la Marekani, ambako mkanda wa 902 hadi 928 uko huru. Kenya iko Ukanda wa 1 wa ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa ya redio, na hapa sehemu ya chini ya mkanda huo ndiyo simu za mkononi zinapopandishia mawimbi kuelekea mlingoti. Badilisheni moduli, na muulize Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu idhini ya aina ya kifaa kabla ya kuzalisha hata kumi.

Tunataka kujaribu droni na kifaa cha kuvuruga mawimbi ya droni za wengine. Tuanzie wapi? — Kasarani

Kwa droni, anzieni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kanuni za mwaka 2020 zinataka kibali kabla ya kuingiza droni nchini, na usajili kabla ya kuirusha. Kuagiza sehemu moja moja na kuziunganisha nyumbani hakuwaondolei wajibu huo.

Kifaa cha kuvuruga mawimbi ni habari nyingine. Msikiwashe, hata kwa dakika moja, hata uwanjani penu. Kinachozima kiungo cha droni kinaweza kuzima Wi-Fi ya zahanati ya jirani au GPS ya ndege inayoshuka JKIA. Fanyeni kazi ya kugundua droni kwa kusikiliza, maana kipokezi hakitoi mawimbi. Sehemu ya kuvuruga ibaki kwenye waya, antena ikiwa imetolewa na kipunguza-nguvu kimefungwa mahali pake, hadi muwe na mshirika wa serikali mwenye mamlaka. Chochote chenye risasi au baruti kiko chini ya Sheria ya Silaha na Sheria ya Vilipuzi. Hapo kampuni binafsi isiingie peke yake. Mwenye kazi hiyo kisheria ni kama Shirika la Kenya Ordnance Factories la Eldoret.

Na mkifukia au kufunga chochote kando ya barabara kuu, hifadhi ya barabara ni ya KeNHA, na ya barabara za mjini ni ya KURA. Shamba la mtu mwenye barua ya ruhusa ni rahisi zaidi.

Nikipewa pesa za utafiti, uvumbuzi unakuwa wa nani? Na hapa Kenya kuna mfuko wowote? — Ngara

Katika SBIR uvumbuzi hubaki wa kampuni. Serikali ya Marekani hupata haki ya kuutumia kwa kazi zake, na data za kiufundi hulindwa kwa miaka 20 tangu kandarasi itolewe, mradi kila ukurasa na kila faili viwe na alama inayotakiwa. Data iliyokabidhiwa bila alama hiyo inaweza kupoteza ulinzi huo.

Hapa Kenya, fungua ombi la hataza KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, kabla ya kuonyesha kifaa kwenye maonyesho yoyote. Sheria yetu ya 2001 inakupa miezi 12 ya msamaha baada ya kujitangaza, lakini nchi nyingi za nje hazikupi. Hataza hulinda miaka 20. Kwa uboreshaji mdogo, cheti cha modeli ya matumizi cha miaka 10 huwa rahisi zaidi kupata.

Kuhusu pesa, fuatilia Mfuko wa Taifa wa Utafiti na Wakala wa Ubunifu wa Taifa, KeNIA. Mfuko huelekea zaidi kwa vyuo, kwa hiyo karakana iingie kama mshirika aliyetajwa kwenye bajeti, mwenye kazi yake na malipo yake, si kama "mtoa huduma" atakayekumbukwa baadaye. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, ni mahali pazuri pa kuundia sampuli bila kununua mashine. Ukifika kwenye kuuza, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti cha AGPO ndicho kinachokuingiza humo.

Andika matumizi ya kiraia kwanza. Sensa ya mpakani ni sensa ya mbuga, ya bomba la mafuta, ya shamba la kahawa linaloibiwa usiku. Jeshi hununua polepole, na kodi ya karakana hulipwa kila mwezi.

Kampuni ya binamu yangu Marekani inatuma andiko, mimi ndiye ninayelipanga. Mwisho ni saa sita mchana saa za Washington. Hapa ni saa ngapi? — Lavington

Kati ya Machi na Novemba, wakati saa zao zimesogezwa mbele, ni saa moja jioni Nairobi. Miezi mingine ni saa mbili usiku. Lakini pakieni siku moja kabla. Katika mfumo wa Wizara ya Ulinzi, kupanga mafaili hakutoshi: afisa wa kampuni aliyeandikishwa lazima aingie mwenyewe, athibitishe kwa jina lake, kisha awasilishe. Binamu yako asipokuwa karibu na kompyuta dakika hizo, kazi yako yote inabaki imehifadhiwa tu, na mfumo hauihesabu. Mwambie afungue tena baada ya kuwasilisha, apige picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba limewasilishwa, na akutumie. Picha ya ukurasa huo tu, si andiko lenyewe, kwa sababu ya sheria za usafirishaji tulizomweleza dada wa South B.